Usimwite mvivu kabla hujapima pumzi yake

Michezo ya shule inapoanza, wazazi huniletea vijana wa mpira wa vikapu wakiwa na lalamiko moja. Kocha humwingiza kijana uwanjani dakika nne tu, kisha humrudisha benchi na kumwita mvivu. Kijana naye anaamini kuwa kocha ana upendeleo. Mpenzi msomaji, yamkini wote wawili wamekosea. Kinachokosekana aghalabu si bidii bali pumzi, na mambo haya mawili hayana dawa moja.

Tuutazame mchezo wenyewe. Uwanja una urefu wa mita 28, na mechi za kimataifa huwa na vipindi vinne vya dakika 10. Mchezaji huchomoka, husimama ghafla, huruka, kisha hurudi mbio kulinda. Nguvu ya kuchomoka hutoka katika akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli, nayo huisha baada ya takriban sekunde 10 za kujikakamua. Kuijaza tena kunahitaji oksijeni, inayoletwa na mapafu, moyo na damu. Aliyejizoesha huijaza mchezo unaposimama kidogo. Asiyejizoesha huanza mbio zinazofuata akiba ikiwa nusu.

Hapo ndipo safari ya benchi huanzia. Miguu iliyochoka haimfikishi mlinzi mahali pake kwa wakati, basi hutumia mikono, na makosa matano humtoa mchezoni. Mruko hupungua, na mpira haufiki kikapuni. Mtazamaji huona uvivu. Kumfokea kijana huyo ni sawa na kukanyaga mafuta katika gari ambalo tangi lake ni tupu.

Mnamo Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliilaza Angola 74-73 kwa kikapu cha Tylor Ongwae mchezo ukielekea kumalizika. Mwaka huo tulirejea AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mechi za namna hiyo huamuliwa mwishoni, na kocha yeyote mwenye busara huwaachia dakika hizo wale ambao bado wana miguu.

Pumzi haijengwi siku ya mechi. Kijana mzima akimbie kwa kasi sekunde 20, atembee sekunde 40, arudie mara 10. Afanye hivyo siku tatu kwa wiki, akianza na mara chache na kuongeza polepole. Baada ya wiki sita hadi nane tofauti itaonekana. Likizo ya wiki mbili bila mazoezi huanza kuipunguza faida hiyo. Alale vya kutosha, wala asiende mazoezini jioni akiwa na chai ya asubuhi tu tumboni.

Akiyafanya hayo na bado akachoka kuliko wenzake, mpelekeni hospitali. Msichana anayepoteza damu nyingi wakati wa hedhi huenda amepungukiwa na madini ya chuma. Anayekohoa au kubanwa kifua baada ya kukimbia huenda ana pumu. Anayezimia au kuumwa na kifua akiwa mbioni asirudi uwanjani kabla moyo wake kupimwa. Hank Gathers wa Marekani alizimia katika mechi mwezi Desemba 1989. Machi 1990 alianguka tena uwanjani akafariki, akiwa na umri wa miaka 23. Moyo wake ulikuwa na kasoro. Huyo hakuwa mvivu hata kidogo.

Kwa hivyo, makocha, wapimeni vijana wenu mwanzoni mwa msimu: mbio zile zile, saa mkononi, na matokeo yaandikwe daftarini. Mpime tena baada ya wiki nane. Kijana mwenye afya aliyepewa mpango akaukwepa, huyo mwacheni benchi. Hapo sina la kumtetea. Lakini asiyepimwa, msimpe jina la mvivu.