Visu vya steki: mama, hela yako iache kwenye pochi

(1)
Nasema wazi: nyumba yenye mtoto mdogo haina haja ya visu vya steki mezani. Vile vyembamba, meno kama msumeno, ncha kama sindano, vinauzwa Kariakoo kwenye boksi, na siku hizi vimeingia kwenye orodha ya zawadi za kichen pati. Najua nitagombana na makungwi wa kisasa. Tugombane tu.

Kinachoniudhi siyo kisu chenyewe. Ni ile kauli kwamba bibi harusi asiyekuwa navyo hajakamilika, wifi akija kula atamcheka. Binti anaanza maisha Mbagala, chumba na sebule, hana hata beseni la maana la kuogeshea mtoto, anakopa kikoba anunue visu vya kulia nyama anayopika mara moja kwa wiki. Jamani!

(2)
Tuanze na nyama. Steki ya bucha zetu, iwe Tandika au Mwananyamala, ni nyama isiyo na mfupa, basi. Unaomba nusu steki au unaomba mchanganyiko, muuzaji anakuelewa. Siyo lile pande nene linalochomwa zima na kuletwa kwenye sahani. Visu vile vilitengenezewa pande hilo. Yale meno yamewekwa kwa sababu kisu laini kikikwaruza sahani kila siku kinakuwa butu. Ukiagiza pande hilo hotelini utaletewa na kisu chake, kitumie, hatuna ugomvi. (Ila omba liive. Nyama ya ng'ombe yenye ubichi katikati inaweza kukupa tegu.)

Nyumbani nani anapika hivyo? Rosti, mchuzi, pilau, mishkaki: kisu kimeshamaliza kazi kabla sufuria haijapanda jikoni. Hata nyama choma, mchomaji anaikatakata mwenyewe kwenye ubao, inakuja na ndizi na pilipili, mnanawa, mnakula.

Mtaniambia mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Naam, mwenye kisu, mmoja. Wahenga hawakusema kila mlaji apewe chake mpaka wa miaka mitatu.

(3)
"Lakini nesi, nyama yetu ngumu." Ni kweli, na sababu ipo. Ng'ombe wetu wengi ni wale wa asili wenye nundu, wametembea sana kutafuta malisho kabla ya kufika mnada wa Pugu. Tena nyama yetu inachinjwa usiku, asubuhi iko bucha, mchana iko kwenye sufuria. Huko wanakokula steki nene, nyama nyingine huning'inizwa kwenye baridi wiki mbili na zaidi ndipo iuzwe, inalainika yenyewe.

Sasa kisu cha mezani kinalainisha nini? Hakilainishi kitu. Kinachukua kazi ya jikoni na kumtwisha mlaji. Wewe angalia nyuzi za nyama zimelala upande gani, kisha kata kwa kuzivuka, siyo kuzifuata. Uzi mfupi unatafunika, mrefu unakuwa kamba. Papai bichi likwangue, pakaa nusu saa. Usilisahau usiku kucha, utakuta uji. Na moto mdogo wenye subira, au presha kuka kama unayo. Hapo hata bibi aliyebaki na meno manne anakula.

(4)
Hapa ndipo naomba mnisikilize. Mtoto akifikisha miezi 6, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua, na maziwa ya mama peke yake hayatoshi kuijaza. Nyama ni moja ya vyakula bora vya kumpa. Lakini magego ya kwanza hutoka takriban kati ya miezi 13 na 19, ya pili kati ya miezi 23 na 33. Kabla ya hapo anang'ata tu, hawezi kusaga.

Kwa hiyo nyama ikiletwa mezani ngumu, baba anapambana na kisu chake, mama na chake, mtoto anapewa nini? Mchuzi. Miezi na miezi, mchuzi! Mchuzi una ladha, mama, ila sehemu kubwa ya ile chuma imebaki kwenye nyama mnayotafuna ninyi. Mtolee kipande kilichoiva sana, kichambue nyuzi, kitwange kwenye kinu, changanya na ugali au viazi. Usimpe tonge kubwa la nyama anyonye, njia yake ya hewa ni nyembamba, linaweza kumkaba.

(5)
Na kile kisu kilichokaa pembeni ya sahani? Sisi wengi tunakula mkekani. Mtoto anayetambaa anakifikia kabla hujamaliza kusema bismillahi. Mtoto hashiki mpini, anashika chochote kinachong'aa. Kwenye kiganja na vidole, kano za kukunjia ziko karibu sana na ngozi, kwa hiyo jeraha dogo la nje linaweza kuwa limekata kano ndani.

Ikitokea, bana kwa kitambaa safi, inua mkono juu, usiachie kila dakika kuchungulia. Usiweke majivu, kahawa wala dawa ya meno. Damu isipokoma, au kidole hakikunjiki, au mtoto hasikii ukimgusa nchani, nenda hospitali siku hiyo hiyo, siyo kesho. Chukua na kadi yake ya kliniki tuone chanjo ya pepopunda.

Mwaka 2005 madaktari wa dharura Uingereza waliandika kwenye jarida la BMJ kwamba visu virefu vya jikoni havina haja ya kuwa na ncha. Wao walikuwa na wasiwasi wa watu kuchomana, lakini waliwauliza wapishi 10, na hakuna aliyesema ncha ile ni ya lazima.

(6)
Mliokwisha kununua msivitupe, hela imeshatoka. Bakiza kimoja, kinakata mkate na nyanya vizuri sana, sikatai. Kiweke juu ya kabati, siyo kwenye droo ya vijiko. Vingine vifunge kwenye boksi lake. Na wewe unayeandika orodha ya kichen pati ya mwezi ujao, futa huo mstari, andika kibao cha kukatia na kisu kimoja kizito cha jikoni.