Dege la Mtoto Mchanga

Tulikwenda Kitale kufungisha nikahi, kisha tukapitia Bungoma kuwajulia hali jamaa. Huko tulimkuta mzazi wa siku tatu. Mwanawe alikuwa akitafuna ilhali kinywani hamna kitu, jicho limekwenda upande, mguu ukipiga kama apandaye baiskeli. Bibi mmoja akanena, "Ni dege hilo. Akidungwa sindano atakufa."

Maneno hayo twayajua sisi wa pwani, tumelelewa nayo. Tukaomba mguu ushikwe taratibu: mtetemo wa kawaida hutulia ukishikwa, kifafa hakitulii. Haukutulia. Mtoto akapelekwa hospitali, akadungwa fenobabitoni.

Dawa hiyo ni kongwe, imeuzwa tangu mwaka 1912, na mjomba wa mtoto akanung'unika kwamba kuna mpya. Ni kweli, ipo, yaitwa levetirasetamu. Lakini mwaka 2020 ulitangazwa utafiti uliozilinganisha dawa hizo mbili kwa watoto wachanga, huku wazazi wameridhia. Waliopewa ile kongwe, 80 katika kila 100 walitulia kwa saa 24. Waliopewa mpya, 28 tu. Kweli, kongwe ilikuwa na madhara zaidi, ila ndiyo iliyozima kifafa.

Bibi aliposikia neno "utafiti" alikunja uso. "Si wale wa korona, waliotaka kutufanya panya?" Hatukumkemea. Aprili 2020 daktari mmoja wa Ufaransa alisema hadharani, kwenye televisheni, kwamba majaribio yafanywe Afrika, na uchungu wake tuliuhisi sote. Tulimweleza tu kwamba mwaka huohuo Waingereza waliwajaribia wagonjwa wao wenyewe deksamethasoni, dawa nyingine ya zamani na ya bei nafuu, ikapunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Haidroksiklorokwini iliyosifiwa mno ikapimwa vivyo hivyo, ikashindwa. Anayeombwa kuingia katika utafiti ana haki ya kuuliza, ana haki ya kukataa, na mwanawe hatanyimwa matibabu kwa kukataa huko.

Bibi alinyamaza, kisha akauliza kama dua bado yafaa. Tukasoma Fatiha pale pale ukumbini. Tulipoondoka madaktari walikuwa wakitafuta chanzo: pumzi iliyopungua wakati wa kuzaliwa, sukari kushuka, au maambukizi kwenye ubongo. Mama alikuwa akikamua maziwa, na bibi ndiye aliyemshikia kikombe.