Mbio za Hisani au Mbio za Mchango?

Kila mwaka hapa nchini, watu kwa maelfu huvaa fulana za rangi moja, wakajitoma barabarani asubuhi na mapema, wakakimbia kilomita 10, 21 au hata 42 ili kuchangisha fedha za kuwafaa wahitaji. Magazeti na redio zetu huziita mbio hizo "mbio za hisani". Mimi niliye mwalimu wa isimu nina neno juu ya neno hilo.

Hisani, neno lililotujia kutoka Kiarabu, ni wema atendao mtu kwa hiari yake. Aghalabu hutoka kwa mwenye nacho hadi kwa asiye nacho, na wajibu wa mtendewa ni kushukuru. Hakuna adabu katika kumdai mfadhili hesabu. Mchango ni jambo jingine. Uwe wa arusi, wa matanga au wa karo, wachangaji ni sawa. Yupo mweka hazina, lipo daftari, na hata aliyetoa shilingi kumi ana haki ya kuuliza zimetumikaje.

Mbio hizi, kwa maoni yangu, ni mchango. Mnamo 1980, Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekuwa amekatwa mguu kwa ajili ya saratani, alikimbia kwa mguu wa bandia takriban kilomita 42 kwa siku. Baada ya siku 143 ugonjwa uliingia mapafuni, akalazimika kusimama. Shabaha yake ilikuwa dola moja kwa kila raia wa nchi yake, na kabla hajafariki mnamo Juni 1981 zaidi ya dola milioni 24 zilikuwa zimepatikana. Hakuna aliyekuwa mdogo mno asiweze kuchanga.

Hapa kwetu, mbio za Lewa zilizoanza mwaka wa 2000 zimesaidia uhifadhi wa wanyamapori pamoja na shule na zahanati. Zile za Mater zimewapatia watoto matibabu ya moyo. Mwaka wa 2014, Bi. Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa rais, alikimbia Nairobi na kisha London ili kaunti zote 47 zipate magari ya zahanati za kuwahudumia akina mama na watoto. Hizi si kazi za kubezwa.

Wapo watakaosema kwamba jina ni jina tu, na kwamba mgonjwa hajali aliyetibiwa kwa hisani wala kwa mchango. Sikubaliani nao, maana jina huzaa mazoea. Tukiita hisani, tutapiga makofi na kwenda zetu. Tukiita mchango, tutauliza. Mkimbiaji hutangaziwa muda wake hadi sekunde ya mwisho. Mbona fedha zisitangazwe hadi shilingi ya mwisho? Tuambiwe ni ngapi zilikusanywa, ngapi zililipia fulana, jukwaa na vipaza sauti, na ngapi zilimfikia mhitaji. Mwandalizi mwaminifu hatapungukiwa kitu kwa hayo. Kinyume chake, mwaka ujao atapata wakimbiaji wengi zaidi.

Walimu wenzangu, shule zetu nazo huandaa mbio na matembezi ya kununulia vitabu au kumlipia mwenzao gharama za hospitali. Tusiwaachie wanafunzi kazi ya kutoka jasho peke yake. Tuwape daftari wao wenyewe, wajumlishe na kutoa, kisha waibandike hesabu hiyo kwenye ubao wa matangazo ambapo kila mzazi ataisoma. Mwanafunzi aliyezoea kuulizia shilingi zake ishirini hataona haya, akiwa mtu mzima, kuulizia kodi yake.