Maziwa ya Mbuzi Ni Chakula, Si Dawa

Maziwa ya mbuzi yamevishwa sifa yasizokuwa nazo. Huuzwa kwa bei ya juu kuliko ya ng'ombe, na anayeyanadi hataji protini wala madini. Hutaja pumu, kisukari, vidonda vya tumbo na kinga ya mwili. Hoja inayorudiwa kila mahali ni moja: mbuzi hula majani ya kila mti, miti ni dawa, basi na maziwa yake ni dawa.

Hoja hiyo huanguka mlangoni mwa banda. Mbuzi wa kienyeji anayezurura akichuma majani porini hutoa maziwa haba, mara nyingi chini ya nusu lita kwa siku, na sehemu kubwa huishia kwa mwanambuzi. Mengi ya yale yanayouzwa mijini hutoka kwa mbuzi wa kigeni na machotara wao: Toggenburg walioenezwa Meru, Kenya, Alpine wa Kijerumani waliozoeleka Nyeri, na mbuzi wa Norwei walioletwa Mgeta, katika milima ya Uluguru, miaka ya 1980. Akilishwa vizuri, mbuzi wa namna hii huweza kutoa lita 2 hadi 3 kwa siku. Kwa kawaida haendi porini. Hufungiwa katika banda lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye sakafu ya mbao zilizoachiwa nafasi za kupitishia kinyesi, akaletewa majani ya tembo, kaliandra na pumba. Miti-dawa anayosifiwa nayo haioni. Na hata kwa yule anayejitafutia mwenyewe, kinachopenya kutoka kwenye majani hadi kwenye maziwa hakina kipimo, na sumu ya mmea mbaya hupita njia hiyohiyo.

Ukweli wa maziwa haya unatosha bila chumvi. Yana protini na kalisi ya kutosha, kwa kiwango kinachokaribiana na cha maziwa ya ng'ombe. Chembe zake za mafuta ni ndogo zaidi, na maziwa yenyewe huganda laini tumboni, ndiyo maana baadhi ya watu huyaona mepesi. Weupe wake hauna muujiza: mbuzi hugeuza karotini ya majani kuwa vitamini A, ilhali ng'ombe huiacha nyingine ikayatia maziwa umanjano.

Wepesi huo umezaa makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba anayeharishwa na maziwa ya ng'ombe amepata mbadala. Sukari ya maziwa, laktosi, ni takribani asilimia 4.5 kwa mbuzi na 4.7 kwa ng'ombe. Tofauti hiyo haimwokoi mtu. Mwenye mzio yumo hatarini zaidi, kwa kuwa protini za aina hizo mbili za maziwa zinafanana kiasi kwamba watoto wengi mno wanaodhuriwa na aina moja hudhuriwa na nyingine.

Kosa la pili ni kumnywesha mtoto mchanga. Maziwa ya mbuzi yana foleti kidogo sana, na mtoto anayeyategemea peke yake huweza kupata upungufu wa damu. Madaktari wa Ujerumani waliueleza ugonjwa huo tangu miaka ya 1920. Protini na madini yake pia ni mzigo kwa figo changa. Miezi 6 ya mwanzo ni ya maziwa ya mama, na mama asiyeweza kunyonyesha aende kliniki. Yapo maziwa ya unga ya watoto wachanga yanayotengenezwa kwa maziwa ya mbuzi, lakini hayo yameongezwa virutubishi kiwandani.

Imani yenye madhara makubwa kuliko zote ni kwamba kuchemsha maziwa ya mbuzi kunaua dawa iliyomo. Malta ililipa gharama ya kuyanywa mabichi. Huko mbuzi walikuwa wakiswagwa mtaa kwa mtaa na kukamuliwa mlangoni, mteja akishuhudia kwa macho yake, na askari wa Uingereza waliendelea kuugua homa isiyokwisha. Daktari David Bruce alimgundua bakteria wake mwaka 1887. Mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit akabaini kwamba bakteria huyo anabebwa na mbuzi wanaoonekana wazima kabisa. Maziwa hayo yalipoondolewa kwenye chakula cha askari mwaka 1906, ugonjwa ulishuka upesi kambini.

Ugonjwa huo, bruselosisi, upo Afrika Mashariki. Huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya mgongo na viungo, na mgonjwa huweza kutibiwa malaria au taifodi kwa miezi bila nafuu. Tiba yake huchukua wiki 6 au zaidi. Anayeishi na VVU, ambaye ndiye hushauriwa sana kunywa maziwa haya, ndiye asiyepaswa kabisa kuyanywa mabichi. Kuyachemsha hupunguza vitamini chache tu. Protini na kalisi hubaki. Kuyagandisha mtindi yakiwa mabichi si kinga ya kutegemewa.

Harufu kali nayo si alama ya uhalisi. Huongezwa na beberu anayefugwa karibu na majike wanaokamuliwa, na uchafu, na kuchelewa kuyapoza. Mnunuzi aulize hayo, na aulize pia kama mbuzi amechomwa dawa siku za karibuni, maana antibiotiki hutoka na maziwa na kila dawa ina siku zake za kusubiri.

Bei nayo ina sababu zake. Kila mbuzi hutoa maziwa machache, hukamuliwa kwa mkono, hubeba mimba siku 150 na hukauka kabla ya kuzaa tena. Mfugaji anastahili kulipwa kwa kazi hiyo. Mgonjwa wa pumu au kisukari hanunui tiba hapo, na kumwambia kwamba anainunua ni kumlaghai.