Kwa nini jua halizimiki?

Ukianika nguo asubuhi na zikakauka kabla ya adhuhuri, jiulize: joto hilo latoka wapi, na mbona haliishi?

Wengi hudhani kwamba jua huwaka kama makaa jikoni. La, sivyo. Lau jua lingekuwa rundo la makaa, lingekuwa majivu baada ya miaka elfu chache tu. Lakini jua letu lina umri wa miaka ipatayo bilioni 4.6!

Siri ni haidrojeni, gesi iliyo nyepesi kuliko zote. Mnamo 1939, mwanasayansi Hans Bethe, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alieleza jinsi nyota zinavyoigeuza gesi hiyo kuwa heliamu. Alituzwa Nobel mwaka wa 1967.

Kiini cha haidrojeni ni protoni moja. Kwa kawaida protoni hazipatani. Kila moja huisukuma nyingine. Hata hivyo, katikati ya jua kuna joto la nyuzi milioni 15 na mbano wa ajabu. Protoni hugongana bila kukoma na, mara chache sana, mbili hushikana. Hatua kwa hatua, nne huwa kiini kimoja cha heliamu.

Ajabu ni kuwa heliamu hiyo ni nyepesi kuliko protoni nne zilizoiunda, kwa sehemu kama 7 katika kila 1,000. Upungufu huo ndio hugeuka kuwa nishati. Kila sekunde, tani zipatazo milioni 4 za jua hugeuka hivyo. Ndizo mwanga na joto letu.

Je, binadamu anaweza kuiga kazi hii? Mnamo Desemba 2022, maabara moja huko California ilipiga tembe ndogo ya haidrojeni nzito kwa leza. Miale iliingiza megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Wengi walishangilia, ingawa mitambo ya leza yenyewe ilikula umeme mwingi kuliko huo. Safari ingali ndefu.

Basi wewe mwanafunzi unayechukia fizikia, kumbuka kwamba uhai wako unategemea protoni zisizoshikana upesi. Zingekuwa na pupa, jua lingekwisha zamani. Kwa mwendo wake wa pole, lina haidrojeni ya kutosha miaka mingine bilioni 5 hivi. Kweli, haraka haraka haina baraka.