MLONGE USITUZIMISHE MOTO

Ndugu Wanaushirika,

Tangu tuanze kusafisha maji ya Mto Katuma kwa mbegu za mlonge, nyumba nyingine zimeacha kuchemsha. Mie napinga. Unga wa mbegu hukamata tope, likashikana mabonge na kuzama. Akina mama wa Sudan kando ya Mto Naili wanaijua kazi hii siku nyingi. Hata bakteria wengine hutoa ute unaoshika tope vilevile. Lakini vijidudu havizami vyote! Maji yakilala, vinazaliana upya. Nami niliamini maji meupe ni salama, mpaka mjukuu wangu akaharisha. Koroga, ngoja saa moja au mbili, chuja kwa kitambaa, halafu chemsha. Kuni ni shida, najua. Basi kamati ijadili kuni kwanza, rangi ya ofisi ingoje.

Katibu wa Tawi