SELI HAI ZATUONYA, JE TUNASIKIA?



Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu watukufu, wapo watu ambao baridi ikizidi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Baadhi yao hawakuamka tena. Hawakuuawa na moshi, kwani mkaa ukishakolea hautoi moshi. Waliuawa na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili hukosa oksijeni, na mwenyewe hudhani ni usingizi tu.

Basi pua zetu hazitoshi. Ndiyo maana wanadamu walitafuta msaada kwa viumbe wengine. Huko Uingereza, katika miaka ya 1890, mwanasayansi John Scott Haldane alishauri wachimba makaa ya mawe washuke migodini na ndege mdogo aitwaye kanari, kwa kuwa hulegea kwa gesi hiyo kabla ya mtu. Ndege hao walitumika hadi mwaka 1986, ilipoamuliwa vipimo vya umeme vichukue nafasi yao.

Baadaye elimu ikafika hadi kwenye seli moja. Mwaka 2000 wataalamu wa Korea Kusini walieleza kipimo chenye bakteria waliopewa uwezo wa kutoa mwanga. Bakteria hao wakikutana na mvuke wa benzini, sumu iliyomo ndani ya petroli, seli zao hudhurika na mwanga hufifia. Mashine ya kawaida hutaja kiasi cha gesi. Seli hai huonyesha kwamba hewa hiyo inadhuru uhai. Subhanallah!

Wapo wasemao kuwa mambo haya ni ya shule, si ya madrasa. Mimi sikubaliani nao. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Tena Mtume (S.A.W.) ametukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tumezoea kuifahamu kwa hatari ya nyumba kuungua, na elimu ya seli inatuonyesha hatari nyingine ndani ya moto huo huo. Je, itatufaa nini kuihifadhi kwa ulimi, kisha tukalala na jiko chumbani?

Majumbani mwetu hatuna kanari wala bakteria wa kung'aa, lakini tuna akili. Jiko litolewe nje kabla ya kulala. Anayeumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko atolewe haraka kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali. Nawe mwanafunzi, usilikimbie somo la baiolojia. Huenda Allah (S.W.) akakujaalia wewe kutengeneza kipimo cha kuwaokoa jirani zako.

Wabillahi tawfiq.